Sahani ya ndege ya bibi yangu: nyuma imeandikwa WEDGWOOD & CO. Ni kazi ya nani hasa?

Mjukuu wa Nansio (Jumamosi, saa 3:12 usiku)

Shikamooni wakubwa, na wadogo habari zenu.

Naandika kutoka Kirumba, Mwanza. Mbele yangu kuna sahani niliyoilaza juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, na tangu magharibi naiangalia tu. Kwa kweli ni sinia kuliko sahani: umbo la yai, urefu wake ni kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Ni ya udongo mweupe, nzito. Picha zake ni za bluu iliyopauka, rangi ya ziwa asubuhi kabla upepo haujaamka. Katikati wamo ndege wenye mikia mirefu kati ya maua makubwa, na ukingoni yanazunguka maua mengine madogo.

Ilikuwa ya bibi yangu, mzaa mama, wa Nansio, Ukerewe. Bibi alifariki mwaka jana mwezi wa tano. Nyumbani tuliiita sahani ya kanga, kwa sababu bibi alisema ndege wale ni kanga. Babu alisema ni tausi, na mabishano yao hayakuisha mpaka babu alipotangulia. Ilikuwa inatolewa Krismasi na wakija wakwe, basi. Siku nyingine zote ilikaa ndani ya kapu la unga, imefungwa kitambaa. Kwa maneno ya bibi, baba yake alikuwa anafanya kazi kwenye majahazi ya mchele na karanga kati ya Nansio na Mwanza, na mwenye duka mmoja aliyekosa pesa ya kumlipa akampa hiyo sinia. Karatasi ya kuthibitisha sina, nina maneno yake tu.

Tangu niilete mjini sijapumzika. Dalali wa kwanza alikuja na punje za mchele mfukoni, akazimwaga juu ya sahani aone kama "inavuta", maana kwake kila cha kale ni mali ya Mjerumani. Mchele haukusogea, akaondoka. Wa pili alisoma nyuma, akasema huyu Wedgwood ni Mwingereza mkubwa, ikiwa ya kweli ni mamilioni. Kisha akanionyesha ukingoni sehemu moja ambapo ua limekatwa katikati, nusu yake haipo, na linaanza ua jingine bila mpango. Akasema kiwanda kikubwa hakikosei hivyo, hii ni feki, nikupe elfu thelathini nikusaidie.

Sikumpa. Lakini lile neno feki limenikaa kooni, kwa sababu ile sehemu naijua. Bibi akipakua wali alikuwa anaigeuza sinia ili ua lililokatwa limwelekee yeye, mgeni asilione.

Nyuma kuna picha ya bluu kama fremu ya maua, ndani yake ASIATIC PHEASANTS, na chini WEDGWOOD & CO. Hakuna neno England. Kuna pia ufa mrefu uliobanwa na vichuma vitatu, mfano wa pini za stepla, kwa upande wa nyuma tu. Binamu yangu anataka tuving'oe tuweke gundi ya kisasa, ipendeze.

Na nina kosa langu. Ilikuwa na madoa ya rangi ya chai, nikailaza usiku kucha kwenye maji yenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Asubuhi madoa yamepungua, lakini sasa siku ya nne, ukingoni kumeota unga mweupe kama chumvi, na ukipitisha kidole kuna mahali panakwaruza. Nimelia.

Siiuzi. Nataka kujua ni nani aliyeitengeneza, na kama bado naweza kuiokoa.

---

Baharia Mstaafu (Jumamosi, saa 4:05 usiku)

Marahaba. Pole kwa bibi yako, na hongera kwa kumkatalia huyo dalali.

Mimi udongo siujui, najua maji. Watu wa kwetu wakiona kitu cha zamani wanasema Mjerumani, kana kwamba kabla yake na baada yake hapakuwa na mtu. Kabla ya reli, bidhaa za pwani zilikuja vichwani mwa wapagazi kupitia Tabora hadi Kageye, hapo jirani na Mwanza, ndipo zipande mitumbwi na majahazi. Mwaka 1901 reli ya Waingereza ikafika Kisumu, meli za moshi zikaingia ziwani, na tangu hapo hata mali ya Mwanza, ingawa Mwanza ilikuwa chini ya Wajerumani, ilipita Kisumu. Reli yetu wenyewe kutoka Tabora ilifika hapa mwaka 1928. Sahani ya Mwingereza kufika kwenye duka la Nansio ina njia nyingi.

Na jahazi za mchele za Ukerewe nimezikuta mimi mwenyewe nikiwa kijana. Malipo ya vitu badala ya pesa yalikuwepo. Bibi yako hakukudanganya.

---

Mpiga Chapa wa Nyegezi (Jumapili, saa 12:40 asubuhi)

Mjukuu wa Nansio, marahaba mwanangu. Nimesoma usiku nikashindwa kulala, nimeamka kukujibu kabla ya misa.

Kwanza ujue unaongea na nani. Nimefanya uchapaji hapa Mwanza miaka 34. Nilianza na herufi za risasi, nikamalizia kwenye mashine za ofseti, ambazo bamba huchapa kwenye mpira na mpira ndio huchapa karatasi. Sahani hizi zilinipata mwaka 1998 pale Makoroboi. Mama mmoja alikuwa amepanga machungwa juu ya sahani ya bluu yenye daraja, mti na njiwa wawili. Nikainama nichague chungwa, macho yakaangukia ukingo wa sahani, nikaona mchoro umeungwa. Mstari wa pambo ulikuwa umefika mwisho ukapanda juu ya mwanzo wake, vibaya kidogo. Mpiga chapa yeyote angeutambua muungo ule. Nikasimama pale na mshangao: hii sahani imechapwa kwa karatasi! Nikamnunulia mama yule sahani mpya mbili, akanipa ile. Leo ninazo kumi na moja, na nimesoma kila nilichoweza kukipata kuhusu watu waliozitengeneza.

Sasa hilo ua lililokatwa. Ndilo ninalolipenda kuliko vyote ulivyoeleza, ngoja nikueleze kwa nini.

Kazi ilianza kwenye bamba la shaba. Mchongaji alichonga ndege, majani, kila unyoya, kwa mistari na vidoti, wiki kwa wiki. Bamba likawekwa juu ya jiko lipate joto, likapakwa wino mzito wa mafuta uliochanganywa na kobalti, madini yanayotoa rangi ya bluu. Wino wa juu ukakwanguliwa na kufutwa, ukabaki ule ulio ndani ya mifereji tu. Juu yake ikalazwa karatasi nyembamba sana iliyoloweshwa maji ya sabuni, vyote vikapitishwa kwenye mashine ya magurudumu mawili yanayobana. Karatasi ikibanduliwa imebeba picha yote, mbichi.

Hapo mchapaji, ambaye kwa kawaida alikuwa mwanamume, amemaliza. Karatasi inaingia mikononi mwa wanawake. Msichana mdogo alikata kwa mkasi, ndege wa katikati peke yao, maua ya ukingo peke yake, vipande virefu kama utepe. Mwanamke mwenye uzoefu akavibandika kwenye sahani iliyokwisha kuchomwa mara moja, ambayo bado ina vinyweleo na inafyonza. Akivibandika havisogei tena, hana nafasi ya kujaribu mara ya pili. Anasugua kwa brashi ngumu mpaka wino uingie kwenye udongo. Kisha sahani inatiwa majini, karatasi inalainika na kutoka, wino unabaki kwa kuwa ni wa mafuta. Inachomwa kidogo mafuta yaishe, inachovywa kwenye maji ya tabaka la kioo, ule mng'aro wa juu wa chombo, inarudi tanurini. Kobalti kabla ya hapo ina weusi weusi. Bluu unayoiona ilizaliwa ndani ya moto.

Sasa fikiria ukingo wa sinia ya umbo la yai. Utepe wa maua ulichongwa kwa kipimo kimoja, lakini udongo husinyaa ukichomwa, na si kila sinia husinyaa sawa. Yule mama anabandika utepe kutoka hapa, anazunguka, anafika mwisho, nafasi iliyobaki haitoshi ua zima. Anakata. Ua linabaki nusu. Wapo waliolificha kwa ustadi, wapo waliokuwa na dazeni nyingi za kumaliza kabla ya jioni. Hapo bibi yako alipokuwa akipageuzia kwake ndipo mkono wa mtu unapoonekana. Mwambie dalali wako kwamba picha ya kisasa ya mashine haina muungo wa namna hiyo. Alichokiita ushahidi wa feki ni ushahidi wa kinyume chake.

Na kitu kimoja cha kwetu wachapaji. Kwenye herufi za risasi, maandishi hupangwa kinyume ili yakigonga karatasi yasomeke. Kwenye sahani hizi bamba la shaba lilichongwa likisomeka sawasawa, kwa sababu picha inageuka mara mbili: ikienda kwenye karatasi inakuwa kinyume, ikienda kwenye udongo inarudi sawa. Ni hesabu ile ile ya ofseti, ambapo bamba husomeka sawa, mpira ukasoma kinyume, karatasi ikasoma sawa. Nilipoelewa hilo nilihisi nimekutana na mafundi wenzangu.

Sasa jina. WEDGWOOD & CO siyo yule Josiah Wedgwood anayesifiwa na dalali. Josiah alizaliwa Burslem, Uingereza, mwaka 1730, akafungua kiwanda chake cha Etruria mwaka 1769, na kiwanda hicho kiligonga WEDGWOOD tupu. Hiyo "& CO" ni nyumba nyingine. Pale Tunstall, mji wa jirani katika jimbo lile lile la Staffordshire, palikuwa na kiwanda cha Podmore, Walker & Co. Mmoja wa wabia alikuwa Enoch Wedgwood, na karibu mwaka 1860 kiwanda kikaanza kutumia jina lake. Ni rahisi kuona faida ya jina hilo sokoni. Lakini usiwadharau watu wa Tunstall. Ndege wa namna hii walikuwa wamechapwa na kiwanda hicho tangu enzi ya Podmore, Walker, na viwanda vingi vya Uingereza na Uskoti vikawachapa pia, kila kimoja na mabamba yake. Kwa kupendwa mezani walishindana na ile sahani ya daraja na njiwa, ambayo huitwa Willow.

Kukosekana kwa neno ENGLAND kunatusaidia. Marekani ilipitisha sheria ya ushuru mwaka 1890 iliyotaka bidhaa za nje zitajwe nchi zilikotoka, ikaanza kazi 1891, na viwanda vingi vikaongeza neno hilo kwenye alama zao. MADE IN ENGLAND kwa kawaida ni ya karne ya 20. Kwa hiyo yako naiweka kati ya 1860 na 1891, ingawa si kiapo, maana sheria ilikuwa ya Marekani na mali iliyokwenda kwingine iliweza kutoka bila neno lile. Kwa makisio hayo ni zama za Malkia Victoria, aliyetawala 1837 hadi 1901, ambaye mpelelezi Mwingereza Speke alilipa ziwa letu jina lake alipoliona mwaka 1858.

Geuza sinia uitazame nyuma kwenye mwanga wa pembeni. Utaona vidoa vidogo vitatu vimekaa kama mafiga, pengine na vingine zaidi ukingoni. Ni mahali ilipokalia vigingi vya udongo ndani ya tanuri ili isigandamane na mwenzake tabaka la kioo likiyeyuka.

Vichuma: mwambie binamu asiguse. Fundi alitoboa matundu kwa keekee ya upinde yenye ncha ya almasi, yasitokeze upande wa mbele, akatengeneza kichuma kifupi kidogo kuliko nafasi ya matundu, akakilazimisha kiingie ili kivute pande mbili pamoja. Bila gundi. Kimeshika wali wa wakwe miaka yote hiyo. Ukiking'oa utavunja kingo za matundu, na ufa utaachia.

Kuhusu huo unga mweupe, tusipoteze muda. Tabaka la kioo la sahani yako lina nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Dawa imepenya humo ikaingia kwenye udongo, sasa ikikauka inaota chumvi, na chumvi ikikua chini ya kioo inakiinua kinabanduka. Inabidi itolewe kwa maji. Lakini nijibu kwanza: weka sumaku kwenye vichuma. Vinanasa?

---

Mjukuu wa Nansio (Jumapili, saa 2:25 asubuhi)

Baba, asante. Nimesoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, mama akisikiliza.

Sumaku ya spika haikunasa kichuma hata kimoja. Nimekwangua kidogo kwa ukucha, chini ya uchafu ni njano. Na mafiga nimeyaona! Matatu, nyuma, karibu na ukingo, nilidhani ni sehemu zilizomeguka.

---

Mpiga Chapa wa Nyegezi (Jumapili, saa 6:10 mchana)

Njano na sumaku haivuti, basi ni shaba ya njano ile ya mafundi, haitashika kutu. Vingekuwa chuma ningekushauri tofauti.

Chukua beseni la plastiki, tandika taulo chini. Maji yawe ya mvua yaliyochujwa au yaliyotoneshwa, si ya bomba wala ya ziwa, na yasiwe ya moto. Ilaze yote izame. Badilisha maji kila siku, siku saba hata kumi. Usiitie sabuni, siki wala ndimu. Baada ya hapo ikauke polepole kivulini, imesimama juu ya taulo, wiki mbili usiguse. Ukiona unga tena, rudia. Palipobanduka hapatarudi, lakini tutazuia pasiongezeke. Madoa yaliyobaki yaache. Ni mchuzi wa nyumbani kwenu.

Umeuliza ni ya nani lakini hukuuliza thamani, nami nimefurahi. Hata hivyo nikwambie, ili mtu mwingine asikutikise: sahani za ndege hawa zilichapwa kwa wingi mno na bado zipo nyingi duniani. Yenye ufa na vichuma haina bei kubwa kwa mnunuzi. Anayekutajia mamilioni ana jambo lake.

---

Zidaka (Jumapili, saa 10:30 alasiri)

Dada, pole na bibi. Mimi ni mtu wa pwani, nimesomea mambo ya kale Dar es Salaam, na nimekaa siku nyingi nikihesabu vigae kwenye mifuko.

Jina langu la humu limetoka kwenye zile nyumba za mawe za Waswahili, zenye vishubaka ukutani vya kupangia vyombo vya kauri ili mgeni akiingia aone. Pale Kunduchi yapo makaburi ya nguzo yaliyopachikwa mabakuli ya Kichina. Karne ya 19 ilipofika, vyombo vya Ulaya vilijaa pwani, bluu na rangi nyingine, vikiwemo vya Uholanzi vya kiwanda cha Petrus Regout cha Maastricht. Ukiwa na sahani nyingine nyumbani tazama nyuma. Ukiona Maastricht usishangae. Bibi yako kuitunza sinia kwa ajili ya wakwe ni desturi niliyoiona pwani yote. Tofauti ni kwamba yeye aliificha kapuni, sisi tunaitundika.

Ombi la afya: tabaka la kioo la vyombo vya zama zile mara nyingi lina madini ya risasi. Wafanyakazi waliochovya sahani kwenye maji yale waliugua sana, hata ikawa hoja ya serikali huko Uingereza mwishoni mwa karne ile. Kwako wewe, na kioo kimeshaanza kubanduka, usipakulie chakula tena, hasa chenye ndimu, nyanya au achari.

---

Mtafuta Kageye (Jumapili, saa 1:15 usiku)

Habari zenu. Baharia ametaja Kageye. Mimi natokea upande wa Magu. Shambani, mvua ikinyesha, huwa tunaokota vipande vya sahani za bluu na shanga. Nikichimba vizuri siwezi kupata nzima?

---

Zidaka (Jumapili, saa 1:50 usiku)

Kaka, tafadhali usichimbe. Kwanza ni kosa: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali. Pili, kigae kikiwa ardhini kinasema mengi kwa sababu ya kilichokaa juu yake na chini yake. Ukishakivuta, kimenyamaza. Vya juu ya ardhi, vipige picha hapo hapo vilipo, andika ni upande gani wa mti au jiwe gani, kisha uwaone watu wa mambo ya kale mkoani au wa makumbusho ya Bujora pale Kisesa wakuelekeze. Na kipande kidogo chenye ndege kina thamani kwetu sawa na sahani nzima. Pengine zaidi, kwa kuwa tunajua kilidondoka wapi.

---

Mtafuta Kageye (Jumapili, saa 2:04 usiku)

Nimeelewa dada. Kesho napiga picha.

---

Mjukuu wa Nansio (Jumanne ya wiki ya pili, saa 2:40 usiku)

Nimerudi kuwapa habari.

Siku tisa majini. Maji ya mvua nimeyapata kwa jirani mwenye tangi, nikayachuja kwa kitenge. Siku tatu za mwanzo nikiinusa bado ilinuka dawa, siku ya tano harufu ikaisha. Leo ni siku ya pili iko kivulini. Unga haujarudi. Palipokwaruza bado panakwaruza, nimepakubali.

Dada Zidaka, hilo la risasi limenishtua, maana bibi alikuwa anakamua ndimu juu ya sato humo humo. Alifika miaka 88. Lakini nimekusikia, haitapakuliwa tena.

Baba wa Nyegezi, nina swali jingine. Wakati imelowa, nyuma, mbali kidogo na ile fremu ya jina, kimetokeza kialama cha bluu ambacho sikuwahi kukiona. Ni msalaba mdogo, kama alama ya kujumlisha, na nukta pembeni. Ni cha kiwanda?

---

Mpiga Chapa wa Nyegezi (Jumanne, saa 3:20 usiku)

Mwanangu, umenifanya nisimame.

Cha kiwanda ni ile fremu. Hicho kidogo ni cha mfanyakazi. Walilipwa kwa idadi ya vipande, hivyo mchapaji na wasichana wake waliweka alama yao ili mwisho wa juma zihesabiwe zao. Na kwa muda mrefu, wafinyanzi wa kule wengi walilipwa kwa vile tu vilivyotoka tanurini vizima. Kikiharibikia motoni, hata kama kosa si lao, jasho limepotea. Walipigania miaka mingi utaratibu huo uondoke.

Majina yao hayakuandikwa kwenye sahani. Tumebaki na misalaba, nukta, namba, nyota. Mimi kwenye kumi na moja zangu nina alama nne, na ninazichora kwenye daftari. Yako sina. Nipigie picha ukiweka taa upande wa kushoto, chini, mwanga ulale, na kando uweke rula. Sarafu ya shilingi mia nayo inatosha.

---

Baharia Mstaafu (Jumanne, saa 3:45 usiku)

Alama kama hizo makuli wa bandarini nao walikuwa nazo, kwa chaki kwenye magunia, kila kundi lake. Nimekumbuka mbali.

---

Mjukuu wa Nansio (Alhamisi, saa 1:30 usiku)

Picha nimeiweka, baba, na sarafu kando.

Jana nilimpigia mama mdogo Nansio, nikamsomea yote mliyoandika. Alikaa kimya, nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Sasa na kile kifuniko?" Kumbe kipo kifuniko cha bakuli, chenye ndege hao hao, bakuli lenyewe lilivunjika kabla mama yangu hajazaliwa. Bibi alimwachia yeye. Anafunikia chungu cha maziwa, kila siku. Nimemwomba akiondoe chunguni leo leo na asikioshe kwa dawa yoyote.

Nikamwambia akigeuze, atazame ndani kama kuna maandishi. Anasema hayapo, ila kuna msalaba.

Naenda Jumamosi kwa meli ya asubuhi. Kanga ya kukifungia nimeshaitoa, na rula nimeiweka kwenye mkoba.